Nani Alirudi Nyuma? Kisa cha Kitufe cha HOLD Kwenye Kilima cha Makongo

Maelezo yalikuwa mawili na hayakupatana hata kidogo. Mwenye gari, mwalimu wa sekondari anayeishi Goba, alisema alikuwa amesimama kwenye foleni, breki imeshika, bajaji ikaja kumgonga kwa nyuma. Dereva wa bajaji alisema aliyesimama ni yeye. "Sista ndiye kanirudia. Napiga honi, anazidi kuja." Mahali penyewe ni kilima cha Makongo, ukitokea Chuo Kikuu Ardhi kwenda Goba, jioni, saa ambazo magari hupanda kwa kusogea mita chache na kusimama tena. Bampa la nyuma la gari lilipata mkwaruzo na ufa mdogo. Bajaji iliumia zaidi: kioo cha mbele kimepasuka, madigadi ya gurudumu la mbele imekunjwa, taa imetoka mahali pake.

Mjini hapa ajali ya namna hii ina hukumu yake tayari. Aliyeko nyuma ndiye mwenye kosa, kwa kuwa hakuacha nafasi. Mara nyingi huwa kweli, na ndivyo waliokusanyika barabarani walivyoanza kuamua, mpaka abiria wa bajaji aliposhuka na kusema yale yale ya dereva wake. Foleni ilikuwa inapiga kelele nyuma yao. Wakapeana namba za simu, wakapisha njia.

Mimi kazi yangu ni umeme wa magari. Gari lilinijia na ombi la upande mmoja: "Fundi, niangalizie kama breki zangu ni nzima, maana yule kijana ameshika kwamba nilirudi." Alitaka karatasi ya kumtetea. Nilimwambia napima kwanza, karatasi itasema kitakachoonekana.

Ni SUV ya Kijapani ya mwaka 2015, otomatiki ya CVT (ile isiyobadilisha gia kwa hatua), hendibreki ya umeme. Kabla yake mwalimu aliendesha IST kwa miaka, gari lenye hendibreki ya kuvuta kwa mkono, ambalo mlimani kila kitu kiko mguuni na mkononi mwako na hakuna kompyuta inayokusaidia kusimama. Hili jipya alilipenda kwa jambo moja hasa. Anapofika kwenye foleni anabonyeza kitufe kilichoandikwa HOLD, anasimama, anatoa mguu, gari linatulia lenyewe ingawa gia iko D. Kwa mtu anayekaa kwenye foleni kila jioni, goti linashukuru. "Mimi nikishabonyeza HOLD sihangaiki na breki tena," aliniambia. Sentensi hiyo niliiandika pembeni, kwa sababu ndani yake kulikuwa na nusu ya jibu.

Vipimo vya gereji nitavipitia haraka kwa kuwa havikuleta kitu. Pedi za mbele na za nyuma zilikuwa nene za kutosha. Mafuta ya breki yako kwenye alama, hakuna bomba linalovuja. Matairi hayajaisha, na siku ile lami ilikuwa kavu, kwa hiyo habari ya kuteleza haikuwepo. Mashine ya kupimia haikukuta kosa lililohifadhiwa, si kwenye kompyuta ya breki, si kwenye ya hendibreki. Mfumo wa kuzima injini kwenye foleni ulikuwa umezimwa tangu gari linunuliwe, kama ilivyo kwa magari mengi ya aina hii hapa mjini, maana betri yake maalumu ni ghali. Gari zima, kwa kifupi. Ningeweza kumwandikia karatasi yake hapo hapo akaondoka nayo.

Ila nilipokuwa nachomoa waya wa mashine niliona juu ya kioo cha mbele kamera ndogo nyeusi. Magari mengi yanayotoka Japani huja nazo. Mwenyewe huku hazigusi, zinaendelea kurekodi na kufuta, kurekodi na kufuta. Hii ilikuwa inasema Kijapani kila gari likiwashwa na mwalimu alidhani ni redio. Nilitoa kadi yake, nikaiweka kwenye kompyuta. Saa iliyoandikwa chini ya picha ilikuwa 11:40 PM, yaani usiku. Kidogo nihame kwenye faili lile, kwani ajali ilitokea jioni na mwanga upo. Kisha nikakumbuka kwamba Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Saa kumi na moja na dakika arobaini ya kwetu, Japani inaandikwa 11:40, na sisi wenyewe tunaitamka hivyo hivyo. Kamera ya Mjapani ilikuwa inasoma saa ya Kiswahili bila kujua.

Kamera inatazama mbele tu, kwa hiyo bajaji haionekani. Lakini inarekodi sauti za ndani ya gari, na gari likirudi nyuma picha haiwezi kuficha: vitu vilivyokwisha kupita pembeni vinaanza kurejea ndani ya fremu. Tulitazama watatu, mimi, mwalimu na kijana wangu wa gereji.

Kwenye 11:36 gari limesimama nyuma ya daladala. Unasikia mlango unafunguliwa, kengele ya gari inalia, mwalimu ananung'unika kitu, mlango unafungwa kwa nguvu, kengele inanyamaza. Alipoulizwa alikumbuka mara moja. Pindo la dera lake lilikuwa limebanwa na mlango tangu shuleni, akaona alitoe kabla halijachanika. Baada ya hapo daladala inasogea, na yeye anasogea, vizuri kabisa. Anasimama, anasogea. Kwenye 11:40 anasimama tena, safari hii kwa kukanyaga breki ghafla kidogo, na unasikia vitu vinaanguka. Madaftari ya wanafunzi yaliyokuwa kwenye kiti cha pembeni yamemwagika sakafuni. Gari limetulia. Nguzo ya umeme iliyo kushoto imeshapita, haionekani. Inapita sekunde moja, ya pili, kisha nguzo inarejea kwenye picha, polepole, ikitokea ukingo wa kushoto. Honi mbili nyembamba za bajaji. Kishindo.

Mwalimu alikaa kimya kidogo. Halafu akasema jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote: "Lakini lilishika, Fundi. Nilitoa mguu likatulia. Ndiyo maana nikainama kuokota."

Ni kweli, lilishika. Ila lililoshika si lile alilolidhania.

Gari lake lina vitu viwili vinavyozuia kurudi nyuma, na ukiwa ndani vinafanana. Cha kwanza ni msaada wa mlimani. Huu hauna kitufe cha kuuwasha. Uko kazini muda wote. Gari likisimama pua juu, gia D, kipimo kidogo kwenye mfumo wa breki kinahisi kwamba limeinama. Ukitoa mguu kwenye pedeli, vali zilizomo kwenye mtambo wa ABS (ule unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki ghafla) zinafunga njia ya mafuta ya breki, na presha uliyoiacha inabaki imeyabana magurudumu. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kuhamisha mguu kutoka breki hadi mafuta bila kurudi nyuma. Nafasi hiyo ni kama sekunde mbili, magari mengine zinazidi kidogo. Ukikanyaga mafuta inaachia. Usipokanyaga, muda ukiisha inaachia vilevile, na gari hili halitoi mlio wala kuwasha taa yoyote wakati wa kuachia.

Cha pili ndicho chenye kitufe, breki ya kushikilia. Nayo inatumia presha ile ile ya mafuta na vali zile zile, lakini haihesabu sekunde mbili. Inashika kwa dakika kadhaa, na ikiona umekaa mno inakabidhi kazi kwa hendibreki ya umeme. Kwenye Toyota nyingi makabidhiano hayo huja baada ya dakika kama tatu, Honda inangoja kumi. Sababu ya kukabidhi ni ya kifundi: vali inahitaji umeme wakati wote ili ibaki imefunga, na inapata moto, wakati mota ya hendibreki ikishasukuma pedi kwa skrubu yake haihitaji umeme tena, skrubu hairudi yenyewe.

Breki hii ya pili ina masharti, na hapo ndipo mwalimu alipopotelea. Inataka mlango wa dereva uwe umefungwa na mkanda umefungwa. Ukibonyeza kitufe, inawaka taa ya kijani ya HOLD kwenye dashibodi. Watu wengi wanaishia hapo. Kijani maana yake mfumo uko tayari tu, bado haujashika chochote. Unashika pale gari linaposimama kabisa na wewe umekanyaga breki sawasawa, na hapo inawaka ya njano. Rangi zinaweza kutofautiana kati ya kampuni na kampuni, magari mengine yana herufi A ndani ya duara, lakini mpango ni huo huo: kuna hali ya kuwa tayari na hali ya kuwa imeshika, na kitufe kinakupa ile ya kwanza tu.

Sasa tazama dera lilifanya nini. Saa ile ya 11:36 breki ya kushikilia ilikuwa kazini. Mlango ukafunguka. Gari likajisemea kwamba dereva anashuka na gia iko D, hatari. Likalia, likafunga hendibreki ya umeme lenyewe, na likajiondoa kwenye HOLD moja kwa moja. Taa ya kijani na ya njano zote zikazimika, ikawaka nyekundu ya hendibreki. Mwalimu akafunga mlango, foleni ikasogea, akakanyaga mafuta. Mkanda ulikuwa umefungwa na mlango umefungwa, kwa hiyo hendibreki ikajifungua yenyewe, kama ilivyotengenezwa kufanya. Kwake yeye hakuna kilichobadilika: alisimama, akaondoka. Lakini tangu dakika ile HOLD ilikuwa imezimika, na kitufe chake si cha kukaa ndani. Ukikibonyeza kinarudi juu. Kukiangalia hakukuambii kama kimewashwa.

Katika vituo vilivyofuata hakuna lililotokea, kwa sababu vilikuwa vifupi au mguu wake ulikuwa bado kwenye pedeli. Kituo cha madaftari ndicho cha kwanza alichotoa mguu na kungoja. Msaada wa mlimani ukashika, kama unavyopaswa. Gari likatulia. Mwalimu akapata uthibitisho aliouhitaji, akainama. Laiti gari lisingekuwa na msaada wa mlimani kabisa, lingeanza kurudi pale pale mguu ulipotoka, na mguu ungerudi kwenye breki kabla macho hayajashuka. Kilichomponza ni kwamba kifaa cha sekunde mbili kilifanya kazi yake vizuri mahali ambapo yeye alikuwa anakipima kifaa kingine.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema teknolojia hizi ni mbaya, turudi kwenye hendibreki ya kuvuta. Kila kifaa kilifanya kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Shida ni kitabu chenyewe kiko wapi. Nilifungua kiboksi cha mbele ya abiria nikakikuta, kinene, kizuri, cha Kijapani mwanzo hadi mwisho. Na mlango ulipofunguliwa, gari halikulia tu. Liliandika ujumbe kwenye kioo kidogo cha dashibodi, kwa Kijapani pia. Mwalimu amezoea kuona maandishi yale. Yanatokea akiwasha gari, yanatokea akizima, yanatokea mafuta yakikaribia kuisha. Amejifunza kuyapuuza yote kwa pamoja, kama tulivyojifunza wengi wetu tunaoendesha magari ya Kijapani. Kengele nayo aliielewa kuwa ni ya mlango, na kwa kweli ilikuwa ya mlango, ila ilibeba habari mbili.

Jumapili asubuhi, barabara ikiwa nyeupe, tulirudi Makongo kuhakikisha. Nilikaa usukanini, mwalimu pembeni, kijana wangu chini na chaki. Alichora mstari kwenye tairi na mwingine kwenye lami. Bila HOLD, nilisimama, nikatoa mguu: mistari ilikaa sawa kwa sekunde mbili hivi, kisha ikaanza kuachana. Nikiwa nimewasha HOLD na njano imewaka, mistari ilikaa hapo hapo mpaka tukachoka kungoja na nyekundu ya hendibreki ikachukua zamu. Kisha tukaigiza dera: njano imewaka, nikafungua mlango, kengele, nyekundu, nikafunga, nikasogea, nikasimama tena, nikatoa mguu. Sekunde mbili, mistari ikaachana. Sauti ilikuwa ile ile ya kwenye kadi.

Mwalimu aliuliza swali zuri: kwani gia si ilikuwa D? Gari la otomatiki si hutambaa mbele lenyewe? Hutambaa, lakini kutambaa kuna kikomo. Chukua gari la kilo 1,600 kwenye mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100. Mlima unalivuta nyuma kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 160. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inasukuma mbele kwa nguvu ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo inapunguza mwendo wa kurudi bila kuuzuia. Kwenye tambarare ya Mwenge au Mikocheni kutambaa kunatosha, ndiyo maana mtu anaweza kuendesha Dar miaka bila kugundua. Mji wetu kwa sehemu kubwa ni bapa. Milima iko upande huu: Makongo, Goba, Salasala, Kimara, na kule Pugu.

Hesabu hiyo hiyo inatusaidia kwenye swali la nafasi. Tuseme gari lilikuwa linaongeza mwendo kwa nusu mita kwa sekunde, kila sekunde. Ndani ya sekunde mbili linakuwa limekwenda mita moja, ndani ya tatu mita mbili na robo. Kwenye rekodi, tangu nguzo ianze kurejea hadi kishindo ni kama sekunde mbili na nusu, kwa hiyo bajaji ilikuwa nyuma kwa mita moja na nusu hivi. Hapo kijana wa bajaji naye ana la kujibu. Mita moja na nusu kwenye mlima ni finyu; kwenye foleni ya kupanda, dereva wa nyuma anatakiwa ayaone matairi ya gari la mbele yanapogusa lami. Lakini kubana ni jambo moja na kugonga ni jingine. Honi zake mbili zimo kwenye kadi, na zimetangulia kishindo. Mwalimu alizisikia. Alidhani ni za foleni, na nani Dar anageuka kwa honi mbili?

Karatasi niliyoandika ikasema: mfumo wa breki mzima, gari lilirudi nyuma. Mwalimu aliisoma mara mbili, akaikunja, akanipa namba ya kijana wa bajaji, akaomba nimpigie mimi badala yake.

Kabla sijafika huko, mambo machache ambayo nilimweleza na ambayo mwenye gari la namna hii hapa mjini atayahitaji. La kwanza ni taa: mguu usitoke kwenye breki mpaka njano iwake, na ukifungua mlango, ukifungua mkanda au ukizima gari, chukulia kwamba HOLD imezimika hadi uione tena. Katika magari mengi ya Kijapani ya umri huu haikumbuki ilikuwaje jana. Kila ukiwasha injini unabonyeza upya. Ukitaka kupima bila taa, hesabu polepole hadi tano huku mguu ukielea juu ya pedeli. Likivuka tano limeshikwa na kitu cha kudumu.

Foleni ya kushuka nayo inadanganya kwa namna nyingine. Ukielekea kwenye pantoni pale Magogoni pua ikiwa chini na gia D, msaada wa mlimani hauna habari na wewe, kwa sababu wenyewe unazuia gari lisiende kinyume na gia. HOLD itashika, ikiwa imewaka. Ndani ya pantoni usiitegemee hata hiyo: weka P, funga hendibreki, ndipo uzime. Kuzima injini huku unategemea presha ya HOLD ni kosa ambalo vitabu vya watengenezaji vinalionya waziwazi, kwani gari linaweza kuachia. Vinaonya vilevile kuhusu mlima mkali sana na njia ya utelezi. Mvua za masika, zile barabara za udongo za ndani ya Goba na Madale, breki inaweza kuwa imeshika magurudumu yote manne na gari likateremka nayo yakiwa yameganda. Huko mguu ubaki kazini. Na unapoingiza gari getini kwa kusogeasogea, zima HOLD; vinginevyo kila ukisimama inakamata, ukikanyaga mafuta inaachia kwa kishindo, na ukuta uko karibu.

Ukienda kubadilisha pedi za nyuma, muulize fundi kama ana mashine ya kuirudisha mota ya hendibreki. Nimeletewa magari ambayo pistoni ilisukumwa kwa klampu kama ya gari la zamani, meno ya mota yamevunjika. Ni gharama isiyo na maana.

Kijana alikuja gereji siku niliyompigia, akiwa na tajiri wake, mzee mwenye bajaji. Barabarani alikuwa amemwita mwalimu sista, alipomwona na madaftari mkononi akamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Tuliwaonyesha rekodi. Mzee aliangalia nguzo inavyorejea kwenye picha, akaomba tuirudie, akacheka peke yake. Mwalimu hakuzunguka: alisema gari lake lilirudi na matengenezo ni juu yake.

Bima yake ni ndogo, ile ya lazima, inayomlinda mtu mwingine na si bampa lake. Angeweza kuidai kwa ajili ya bajaji, lakini madai yanataka ripoti ya polisi, na wao walikuwa wameondoka eneo la tukio bila kumwita trafiki. Kuanza upya kungechukua muda, na bajaji ikilala haileti hesabu, ile pesa ambayo dereva humkabidhi tajiri wake kila siku. Hapo ndipo ubishi halisi ulipokuwa. Kioo, madigadi na taa walikubaliana kabla chai haijapoa. Hesabu ya siku ambazo bajaji imelala ndiyo iliyowakalisha. Mzee aliitaka yote. Mwalimu alisema siku mbili za mwanzo kijana alikuwa anatafuta mashahidi badala ya fundi, hizo si zake. Kijana alisema yeye hajala siku zote hizo, nani anamhesabia?

Niliwaachia ofisi nikaenda kumalizia gari jingine. Niliporudi walikuwa wameandika kwenye karatasi ya daftari: mwalimu atalipa matengenezo na nusu ya hesabu, mzee atasamehe nusu, na kijana atapewa posho ya siku tatu kutoka kwenye fungu la mwalimu. Pesa ya kioo ilitumwa kwa simu pale pale. Bampa la gari halijaguswa. Mwalimu anasema litangoja mshahara.